Lenzi za kupigia picha ndege wa mtaani: beba tochi kabla ya hela

Wasomaji wa Tanga, Mombasa na hapa Dar wananiandikia malalamiko yaleyale. Mtu kanunua lenzi ya mtumba aanze kupiga picha ndege kama chozi na keremkerem wa mtaani kwake, picha zinatoka zimepauka, na muuzaji hapokei simu. Ndugu zangu, hamjakosea kupiga. Hiyo ni fangasi.

Megapikseli siziongelei leo. Pwani adui ni unyevu. Lenzi ikikaa muda mrefu mahali penye unyevu wa zaidi ya asilimia 60, huota nyuzi kama utando wa buibui kati ya vioo, ndani kabisa. Zinatoa asidi inayokula ngozi ya juu ya kioo, na zikishakula, hata fundi akisafisha alama inabaki.

Dukani, vua vifuniko vyote viwili. Kwa lenzi za Nikon za zamani, sukuma kijiti cha nyuma ili tundu la mwanga lifunguke. Mulika tochi ya simu kwa nyuma, chungulia kwa mbele ukiwa umeiinamisha, huku ukizungusha zoom. Vumbi ni nukta, fangasi ina matawi. Muuzaji akikataa tochi, aga uondoke.

Chaguo langu la kwanza ni Nikon 200-500mm f/5.6 ya mwaka 2015. Mimi ni mtu wa Nikon na sifichi. Ukivuta hadi 500 tundu la mwanga bado linabaki f/5.6, halipungui, na ina kizuia mtikisiko. Ukiifunga kwenye kamera ya D7200, ambayo kihisi chake ni kidogo, inavuta kama 750mm, hivyo mdiria aliyetua ng'ambo ya mikoko ya Kunduchi anaijaza picha. Ina kilo 2.3, mkono utauma. Halafu kila inaporefuka inavuta hewa ya nje, kwa hiyo usiilaze kwenye begi. Iweke kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na silika jeli, vile vipakiti vya kufyonza unyevu.

Ya pili ni Canon 400mm f/5.6L, ya tangu 1993. Ni nyepesi, hairefuki, na kwa ndege anayeruka ni kali kweli. Haina kizuia mtikisiko, na haifokasi kitu kilicho karibu zaidi ya mita 3.5, kwa hiyo chozi akija kwenye maua ya mgomba barazani itabidi urudi nyuma. Nyingi ni kuukuu, tochi ni lazima.

Ya tatu ni kamera nzima, Nikon P950, zoom mara 83, lenzi yake haibadilishwi. Mchana inapendeza, jioni picha zinajaa chembechembe.

Mwenye hela kidogo achukue Nikon AF-P 70-300mm, ila si kwa kamera ya zamani kama D90, haitafokasi. Lenzi za kubana kwenye simu achana nazo.

Kinachonikera ni wauzaji. Lenzi imekaa mwaka mzima kwenye kabati la kioo lenye joto, bila hata pakiti moja ya silika jeli, kisha unaambiwa "safi kabisa, imetoka Japani". Dola ikipanda asubuhi, bei inapanda mchana. Ikishuka, hakuna aliyesikia. Na chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi kabla hujatoa hela, mwambie aandike kwenye risiti hiyohiyo kwamba lenzi haina fangasi, aweke sahihi na muhuri wa duka.