Prado 95, kompresa ya upepo na njia ya Natron: uzoefu wangu

Hii kompresa nimekaa nayo toka mwezi wa nne na sikutaka kuandika chochote mpaka niitumie kwenye safari ya kweli, mana kujaza upepo uani nyumbani sio kipimo. Sasa tumerudi kutoka Ziwa Natron, magari mawili, watu sita, siku nne, tumeingilia Mto wa Mbu tukatokea Longido, kwahiyo ninachosema hapa nimekiona kwa macho na mikono yangu imechafuka nacho.

Gari langu ni Prado 95, injini 1KZ ya dizeli, gia za mkono, tairi 265/70R16 za A/T, yaani za lami na porini. Shemeji yangu alikuja na Hilux dabo kebini. Tulienda mwezi wa nane makusudi, ardhi imekauka, mana ile njia ya chini ya bonde ukiiingia masika makorongo yanayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro yanajaa maji wakati hapo ulipo wewe jua linawaka, hujui hata mvua imenyesha wapi.

Nianze na kompresa yenyewe. Ni ya volti 12, imeandikwa lita 72 kwa dakika, inashika moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio viwili, nilinunua 280,000. Kabla yake nilikuwa na ile ndogo ya kuchomeka sehemu ya kuwashia sigara na iliniunguzia fyuzi mara mbili, nikadhani ni gari kumbe ni hesabu tu, pampu yenye nguvu inavuta hadi ampea 30 na ile sehemu ya sigara fyuzi yake kwa kawaida ni 10 au 15, haiwezi kubeba. Hii ya betri unawasha injini kwanza, unashika vibanio, unafunga mpira kwenye valvu. Kutoka PSI 18 mpaka 32 (PSI ndio kipimo cha upepo wa tairi) tairi moja ilichukua kama dakika tatu, tairi nne pamoja na kuzunguka gari na kuhamisha mpira ni robo saa. Baada ya tairi mbili naipumzisha kidogo mana kichwa chake kinachemka, usikiguse.

Kasoro yake ni geji. Geji iliyo kwenye mpira wake inasoma zaidi ya upepo uliopo, nililinganisha na geji mbili nyingine, zote mbili zikasema 28 wakati yenyewe inasema 32. Yaani ukiiamini utaingia lami na tairi imelegea, ukimbize mia, tairi ipate moto. Kwahiyo nunua geji ya pembeni, ile ya mshale ya elfu kumi na tano inatosha, na uipime ya kwako kwa kulinganisha na ya mtu mwingine kabla hujaondoka.

Sasa kwanini naongelea upepo namna hii. Watu wengi wakitaka kwenda porini wanaanza na snoko (bomba la injini kuvutia hewa juu), taa za juu, keria kubwa, winchi ya kujivuta ukikwama. Mimi nilipanga hivohivo mwanzo, nimetumia hela, na nasema kwa moyo wote, anza na tairi na upepo. Ukipunguza upepo tairi haipanuki tu pembeni, inarefuka pale inapogusa chini, uzito wa gari unagawanyika sehemu kubwa, badala ya kuchimba mchanga inapita juu yake. Lami nilikuwa 32. Tulivyoacha lami pale Mto wa Mbu kuelekea Selela nikashusha 26, mana kuna kokoto na ile barabara ya mawimbi-mawimbi inayotingisha gari mpaka vikombe vinatoka kabatini, kwa 26 gari ikatulia na mawe yakawa yanazamishwa na tairi badala ya kuichana. Baada ya Engaruka mchanga na vumbi vilipozidi nikaenda 18. Chini ya 15 usishuke kama huna sababu kubwa, tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Na ukiwa 18 mwendo ni 30, ukizidisha sana 40, na usikate usukani kwa nguvu.

Kwa wenye Prado 95, hizi zinatembea four wheel muda wote lakini difu ya katikati iko wazi, nguvu inakimbilia tairi inayoteleza, kwahiyo kwenye mchanga vuta ile gia ndogo kutoka H kwenda HL, difu ijifunge, kabla hujaingia, uone taa imewaka kwenye dashibodi. Ukisubiri mpaka umekwama ndio ufunge ushachelewa, tairi moja imeshachimba kaburi.

Gereji sasa. Mwezi wa sita nilipeleka gari ifungwe springi na shokapu mpya, kuinua inchi mbili hivi. Gereji siitaji jina, nililipa vizuri, nikapewa gari limeoshwa linang'aa, nikaridhika. Siku ya kwanza ya safari, kabla ya Engaruka, nikasikia ngo ngo ngo nyuma kushoto kila tukipita kwenye mawimbi. Nikasimama. Nikalala chini na tochi. Bolti ya chini ya shokapu ilikuwa imebaki na nyuzi mbili tu nati ishikilie, ukiishika kwa vidole inazunguka. Nyuzi mbili! Kilomita kumi mbele ingedondoka, shokapu ingening'inia, ingeweza kupiga mpira wa breki. Niliumia sana mana nilikuwa na watoto wawili nyuma. Shemeji akaniambia, "Shem, tulia kwanza, leta spana tufunge zote, hasira utaenda nazo gereji." Tukafunga, tukakagua na upande wa pili, ile ya kulia nayo ilikuwa inakubali robo mzunguko.

Kitu nilichojifunza kwa fundi mmoja wa malori pale Mto wa Mbu, kila bolti ya chini ukishaikaza kwa nguvu yake, piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma iliposhika. Ukiinama asubuhi na tochi ukaona mstari umekatika, nati imetembea. Dakika tano gari zima. Sasa hivi gari yangu chini imejaa mistari myeupe na siondoki kambini bila kuikagua. Na gari likitoka gereji, litembeze kilomita mia mbili za barabara mbovu karibu na nyumbani, kisha lirudishe likazwe tena.

Injini kupata moto: hizi 1KZ kichwa cha silinda kinapasuka injini ikichemka, kila anayeimiliki anajua. Kabla ya safari nilisafisha rejeta nje na ndani, nikabadilisha thamostati na mipira yote miwili ya rejeta, ile ya zamani nikaiweka spea, nikapima feni kama klachi yake inashika injini ikipata moto. Natron ni chini kabisa ya bonde, kama mita 600 tu juu ya bahari, joto la mchana linaweza kupita nyuzi 40, na mchanga unaifanya injini ivute muda wote. Mshale wangu ulipanda kidogo mara moja, nikazima AC, nikageuza gari litazame upepo, nikaiacha isimame inaunguruma taratibu mpaka ikashuka. Usizime ghafla na usifungue mfuniko.

Vumbi la kule nalo sio vumbi la kawaida. Ukiwa unapita chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima wenyewe uko kushoto kwako umesimama kama pembe, unakanyaga majivu ya volkano, laini kama unga wa dona. Ule mlima ulilipuka kwa nguvu 2007 na 2008 na majivu bado yapo. Yanaingia kila mahali. Eya klina nilikuwa naitoa kila jioni naigonga kwenye tairi taratibu, na lilikuwa linatoka vumbi la kujaza kikombe cha chai. Shemeji yeye aliruka jioni moja, kesho yake Hilux ikawa nzito kupanda na inatoa moshi mweusi.

Kilichotupata kikubwa kilikuwa ziwani. Ukiangalia kwa mbali ufukwe wa Natron ni mweupe, mkavu, umenyooka kama uwanja wa ndege, unatamani upite. Ule weupe ni magadi yameganda. Juu ukoko, chini uji. Kijana mmoja wa Kimasai aliyekuwa na mbuzi alituita kwa mkono, "Mama, hapo hapana, gari inakula." Mimi nikasimama. Shemeji alikuwa mbele kidogo hakusikia, vioo vimefungwa, akaenda mita kama thelathini hivi. Nilisikia ule ukoko unavunjika, kwa mlio wa sufuria ya ugali ukiikwangua, kisha Hilux ikakaa chini kwa tumbo, matope meusi yenye harufu ya mayai yaliyooza yakafika kwenye ngazi ya mlango.

Ilituchukua saa tatu na nusu. Tulianza vibaya, shemeji alikanyaga mafuta na tairi zikachimba zaidi, mpaka nikamwomba ashuke. Tukashusha upepo wake mpaka 14, tukachimba mbele na nyuma ya kila tairi kwa beleshi na kwa mikono, sio mbele tu, mana gari inatoka kwa njia iliyoingilia, nyuma. Tukatanguliza vile vibao vya plastiki vyenye meno chini ya tairi za nyuma. Prado langu nikaliacha kwenye ardhi ngumu, nikaunga kamba mbili za kunyumbulika. Hapa naomba mtu anisikilize: usifunge kamba kwenye lile donge la kuvutia trela. Likikatika linaruka kama risasi na watu wamekufa kwa hilo. Funga kwenye ndoano iliyofungwa kwenye chesesi kwa bolti zake, tupia blanketi zito katikati ya kamba, watu wote wasimame mbali, mbali zaidi ya urefu wa kamba. Nilivuta taratibu, namba moja LL (ile gia ndogo ikiwa kwenye nguvu kubwa, mwendo mdogo), mara ya kwanza haikutoka, tukachimba tena, mara ya tatu ikatoka na matope yake. Yule kijana na wenzake watatu walichimba na sisi muda wote, tukawapa maji, unga na shukrani yetu.

Tangu pale sheria yetu ni moja, ardhi nyeupe inakanyagwa na miguu kwanza. Mguu ukizama, gari haliingii. Tena pale ndipo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanapozalia, alama za tairi zinakaa miaka na hatuna shughuli ya kwenda na gari mpaka kwenye maji, egesha mbali utembee.

Vibao vya plastiki navipa alama za juu, ila vifunge kamba ya rangi nyekundu mwishoni, kimoja kilizama kwenye matope tukakitafuta robo saa. Jeki sasa. Ile ndefu ya nondo yenye matundu nilinunua 350,000 na kwa Prado haina kazi, bampa ni plastiki, haina pa kushika, ni ya magari yenye bampa la chuma. Nimeiuza. Jeki ya chupa ya tani tano na kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini isizame ndio kilichofanya kazi tulipopata pancha karibu na mlima Gelai. Keria la juu niliacha nyumbani, na gari lilikuwa tulivu kwenye miteremko ya makorongo kuliko safari ya mwaka jana nilivyopakia madumu na mahema juu.

Mafuta: kwa lami Prado langu linaenda kilomita 9 kwa lita, mimi nilihesabu 5 kwa ajili ya mchanga na LL, na ikaja 6 na ushee. Tenki ni lita 90, nilijaza Mto wa Mbu nikabeba dumu moja la 20 ndani, limefungwa kwa mkanda. Huko mbele usitegemee kituo, utakuta dizeli ya kwenye chupa na hujui imechujwa na nini, kwahiyo nilibeba filta ya dizeli ya akiba pia. Maji lita 60 kwa watu sita yalikuwa machache, ongeza. Njiani kuna mageti ya ushuru, beba hela ya mkononi na chukua risiti kila geti.

Kurudi tulipita katikati ya milima ya Gelai na Ketumbeine mpaka Longido, njia ndefu, watu wachache, mtandao wa simu unakatika masaa. Ramani nilishaipakua kwenye simu na nilimwachia dada yangu Arusha karatasi ya njia na saa ya kunitafuta nisipopiga. Tulivyoikuta lami ya Namanga tulikaa pembeni pale, kompresa ikanguruma kwenye magari yote mawili, tairi nane, geji ya pembeni mkononi, 32 kila moja, ndio tukaingia barabarani.

Gereji nilirudi Jumatatu. Fundi mkuu aliomba radhi, akafunga upya mbele yangu, na mimi nikapiga rangi mwenyewe. Shemeji ameshaagiza kompresa kama yangu.