Heritage 130P juu ya paa la Tabata: darubini niliyosubiri nayo roketi ya mwezi

Kwa anayeishi Dar na anataka darubini moja tu ya kutazamia mwezi na sayari, jibu langu ni Sky-Watcher Heritage 130P. Ninayo tangu kabla ya misukosuko ya mwaka 2022 ya Artemis, mpango wa NASA ya Marekani wa kurudisha watu mwezini. Nimeitumia juu ya paa Tabata, kwenye mchanga wa Kigamboni na nyumbani kwa wakwe zangu Kisarawe, na sijaona nyingine ya bei yake inayolifaa anga letu kuliko hii.

Ni darubini ya kioo. Mwanga unaingia mbele, unakutana na kioo chenye upana wa milimita 130 kilichoko chini ya bomba, unarudi juu kwenye kioo kidogo, kisha unatokea ubavuni kwenye tundu la kuchungulia. Haina miguu mirefu. Inakaa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka, nawe unaisukuma kwa mkono kuelekea unakotaka. Mota haina, na betri yake ni ile ndogo tu ya kitone chekundu cha kulengea. Bomba linavutwa likawa refu na kusukumwa likawa fupi, na uzito wote ni kama kilo sita. Napanda nayo ngazi kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika stuli.

Wanaokuja kuniuliza wote huanza na swali moja: "Fundi, hiyo inavuta mara ngapi?" Huwa nawaomba waulize upana kwanza. Madukani utakuta darubini nyembamba za milimita 60 ambazo maboksi yake yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba zinakuza mara 525, hata mara 675. Kanuni ya watazamaji wa nyota ni kwamba kila milimita ya upana inabeba ukuzaji wa mara mbili, basi. Kwa hiyo darubini ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Ukivuka hapo unapata picha kubwa yenye giza na ukungu, na ile stendi yake nyembamba inatetemeka ukiigusa tu. Mtoto anaangalia siku moja, hakioni kilichochorwa kwenye boksi, na darubini inaishia juu ya kabati. Inaniuma, kwa sababu mtoto yule angependa nyota maisha yake yote.

Heritage inakuja na lenzi mbili za kuchungulia. Ya milimita 25 inakuza mara 26, na mwezi mzima unaenea ndani yake na nafasi ya giza inabaki pembeni. Ya milimita 10 inakuza mara 65. Kwa lenzi hiyo ya pili utaona pete ya Zohali imetengana na mwili wake, utaona mikanda miwili ya Mshtarii na miezi yake minne imejipanga mstari. Ni ndogo, lakini ni zenyewe, zinang'aa palepale mbele ya jicho lako.

Sasa nieleze kwa nini nahusisha darubini hii na roketi.

Agosti 29, 2022 tulikuwa watu kadhaa karakana kwangu, simu moja imeegemezwa kwenye kompresa, tukisubiri Artemis I, safari ya kwanza ya majaribio isiyo na watu, iruke kutoka Florida alasiri ya huku kwetu. Ikaahirishwa. Kipima joto kilionyesha injini namba 3 haijapoa inavyotakiwa, na baadaye wahandisi wakaona kwamba kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa na hitilafu. Tukakusanyika tena Jumamosi Septemba 3. Safari hiyo haidrojeni ilivuja kwenye kiungo cha bomba la kujazia, wakajaribu kukifunga upya mara kadhaa, ikashindikana. Tangazo la kuahirisha lilitufikia saa 12 na dakika 17 jioni, saa tatu kamili kabla ya muda wa kuruka.

Dogo mmoja ninayemfundisha kazi akasema, "Kaka, watu wana hela zote zile wanashindwa na gesi kuvuja?"

Mimi ni fundi wa friji na AC, na riziki yangu inatokana na kutafuta gesi inakovujia. Nilimweleza kwa kirefu, na nitaeleza hapa pia kwa sababu wengi waliwabeza wale wahandisi bila kujua wanashughulika na nini. Haidrojeni ya kimiminika hukaa kwenye nyuzi joto 253 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo chuma kinasinyaa, mpira wa kuzibia nao unasinyaa kwa kiwango chake, na katikati inabaki nafasi. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, inapenya mahali ambapo gesi zetu za friji zingezuiliwa. Ubaya zaidi ni kwamba kiungo kinaweza kuonekana kizima kabisa kikiwa na joto la kawaida, kisha kikavuja pale tu baridi inapoingia. Sisi tunapaka povu la sabuni kwenye nati na kutazama mapovu. Wao wana tangi la karibu lita milioni 2, na kosa dogo linaweza kuleta moto. Fundi anayesimamisha kazi kwa sababu ya uvujaji ni fundi ninayemheshimu.

Dogo aliridhika, lakini uso ulikuwa umemshuka. Nikatazama nje. Jua lilikuwa linazama na mwezi ulikuwa nusu kamili, karibu na utosi. Nikamwambia achukue stuli, tupande juu.

Hapa ndipo darubini hii inapozishinda zile kubwa. Tangu uamuzi wa kupanda mpaka jicho kuwa kwenye lenzi ni dakika chache tu. Wazungu wa nchi za baridi hushauri kioo kiachwe nje nusu saa kipoe ndipo picha itulie. Kwetu, kama chumba hakina AC, joto la ndani na la nje halitofautiani sana, na picha inatulia mapema. Isitoshe, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwezi na sayari zinapita juu ya vichwa vyetu, tunazitazama kupitia hewa nyembamba kuliko watu wa Ulaya ambao mara nyingi wanaziona zimeinama zaidi kuelekea upeo wa macho.

Dogo aliona Bahari ya Utulivu, ile tambarare ya kijivu waliposhuka watu wa Apollo 11 mwaka 1969. Aliuliza kama bendera inaonekana. Haionekani, na hakuna darubini iliyoko duniani inayoweza kuionyesha. Nikamsogezea Theophilus, shimo lenye upana wa kama kilomita 100, yaani kutoka hapa hadi Chalinze, na vilele vya mlima katikati yake. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza Artemis wanataka kushuka wapi, nikamwonyesha upande wa ncha ya kusini, ambao kwenye darubini ya kioo unauona umegeuka, maana picha inakuja juu chini. Siku ile hatukuwa na roketi, lakini hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Saa chache baadaye Zohali ilikuwa imepanda mashariki na majirani wamepanga foleni.

Roketi yenyewe ilipisha kwanza kimbunga Ian mwishoni mwa Septemba, ikarudishwa ndani, ikapisha na Nicole mwezi Novemba. Iliruka Jumatano Novemba 16, saa 3 na dakika 47 asubuhi kwa saa zetu, baada ya mafundi wachache kwenda hadi chini ya roketi iliyokwisha jazwa mafuta ili wakaze nati za vali. Kukaza nati tu! Nilisikia fahari ya kazi yangu asubuhi ile.

Nirudi kwenye darubini, kwa sababu ina mambo ya kuyajua kabla hujatoa pesa.

Bomba lake liko wazi katikati, ndiyo maana linakunjika. Mjini taa za jirani zinaingia humo na kufifisha picha. Nilinunua kitambaa cheusi kizito Kariakoo, nikashonewa mfuko wa kulizungushia, na tofauti ni kubwa hata kwenye mwezi. Pili, inahitaji meza. Meza ya plastiki inacheza na haifai. Nilichongewa stuli ya mninga Keko yenye miguu mitatu, maana miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Tatu, kitu kikiwa utosini kabisa, kuizungusha kunahitaji subira, kwa kuwa kitako kinageuka sana ilhali bomba linasogea kidogo. Msubiri Mshtarii ashuke kidogo, utafurahi.

Unyevu wa bahari ndio adui mkubwa. Huwa naweka ndani ya sanduku lake vile vifuko vya chembe nyeupe vinavyokuja na maboksi ya viatu, na sifungi vifuniko mpaka kioo kikauke. Vumbi la juu juu liache, kufuta kioo mara kwa mara kunakikwaruza. Na jua usilielekee kamwe bila kichujio maalumu mbele ya bomba. Jicho linaungua mara moja.

Kwa bajeti ndogo zaidi, tafuta darubini ya macho mawili ya 10x50. Utaona miezi ya Mshtarii, Kilimia itajaa nyota usizozitarajia, na jioni ya kutafuta mwezi mwandamo watu wazima watakuomba uwapishe. Jiegemeze ukutani au lala kwenye mkeka, vinginevyo mikono itatetemesha kila kitu.

Kinachobaki nje ya uwezo wa kioo cha 130 ukiwa Tabata ni vitu hafifu. Galaksi na mawingu ya gesi yanamezwa na taa. Vuka Kigamboni uelekee Kimbiji wakati wa kusi, mwezi ukiwa haupo, na darubini hii hii itakuonyesha Omega Centauri, lundo la nyota zisizohesabika.

Artemis II, safari ya kwanza ya mpango huo yenye watu, nayo ilikuwa na historia yake ya kusogezwa: kutoka Novemba 2024 hadi Septemba 2025, na Desemba 2024 wakatangaza Aprili 2026. Ngao ya joto ya safari ya kwanza ilirudi imebanduka vipande, kwa sababu gesi iliyojikusanya ndani ya malighafi yake haikupata pa kutokea. Gesi tena. Waliposema wanasubiri ili wanaanga wake, Wiseman, Glover, Koch na Hansen, warudi salama, mimi nilikuwa nao.

Nililipa laki saba na ushee pamoja na usafiri. Ikifika, ilenge kwenye nyota angavu na uitoe nje ya fokasi kidogo, yaani nyota ipoteze ukali wake: utaona duara lenye tundu jeusi. Tundu likiwa katikati, vioo viko sawa. Likiwa pembeni, rekebisha skrubu taratibu mpaka lirudi. Ongeza lenzi ya kuzidisha mara mbili, ile ya Barlow, upate mara 130 kwa ajili ya Zohali. Na agiza mapema, Machi ikiwezekana, ili uwe nayo mkononi masika yakiisha na kusi ikianza kusafisha anga mwezi Juni.