Ditekta ya kukodi Tabora: mlio wa senti waliukataa, hela yangu waliikubali

Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivi hivi. Kama uko Tabora na unafikiria kukodi ditekta, ile mashine ya kutafuta metali ardhini, kwa siku, pamoja na kijana wao wa kuishika, soma yaliyonikuta kabla hujatoa hela yako. Jina la hao jamaa sitalitaja hapa.

Uzito wa mashine, betri, ukubwa wa koili (lile duara la chini linalopitishwa juu ya ardhi), hayo utayakuta popote ukitafuta. Mimi nasema tu kwamba mashine ni nzima, na tena ni nzuri. Sarafu nyembamba iliyolala kwenye udongo wetu wa kichanga, kina cha kiganja na zaidi, inaisikia bila taabu. Kilichonichoma roho ni kwamba aliyekuwa anaamua mlio upi uchimbwe na upi uachwe ni yule kijana, wakati aliyelipa ni mimi na kiwanja ni cha kwetu.

Makubaliano yalikuwa hela ya siku, nusu asubuhi na nusu jioni, halafu kitu chochote cha thamani kikitoka ardhini wao wanachukua theluthi. Nikakubali. Kiwanja ni cha familia, kiko Ng'ambo, hapa hapa Tabora, kina miembe mizee kuliko mtu yeyote aliye hai kwenye ukoo, na baba mkubwa alikuwepo siku hiyo. Nilimwambia kijana pale pale mlangoni, kabla hajavaa hedfoni: natafuta sarafu za zamani, hata zile za chini kabisa. Heller za Mjerumani, senti zenye tundu za Mwingereza, zote nazitaka. Akajibu, "Hamna shida, dada."

Shida ilianza kwenye mlio wa kwanza mzuri. Sauti safi, ya juu, haikatiki. Akatazama namba kwenye kioo, akasema, "Senti hiyo, twende." Akaendelea kutembea. Mwingine tena, "Senti hiyo." Mwanzoni nilidhani anapima eneo lote kwanza ndipo arudi. Nikaanza kuokota vijiti vya mwembe na kuchomeka kila alipopita, ili mchana turudi na jembe.

Niseme kidogo hapa, maana wengi wanadanganywa. Ile mashine haijui bei ya kitu. Koili inapeleka nguvu ya sumaku chini, metali inajibu, na jibu linageuzwa kuwa mlio na namba. Namba inatokana na aina ya metali, ukubwa wake na jinsi kitu kilivyolala. Chuma kinakoroma chini kabisa. Karatasi za sigara na vitu vyembamba viko chini pia. Katikati kuna vishikio vya makopo ya soda na vipande vya alumini, na hapo hapo katikati ndipo dhahabu ndogo hupenda kukaa. Shaba nyekundu na fedha ziko juu. Kwa hiyo anayekuambia "hiyo ni senti" kwa kutazama kioo tu anakisia, hata kama anakisia kwa sauti kubwa.

Na tena hapa ni Tabora! Watu wakisikia Mjerumani na Tabora wanawaza masanduku ya dhahabu. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu kutoka Ulaya haziingii, na serikali ya Mjerumani ilikuwa imehamia huku ndani. Wakagonga hela hapa hapa mjini, kwenye karakana ya reli, reli ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vipande vya heller 20 vya shaba na shaba ya njano vilitoka zaidi ya milioni 1, vina herufi T ya Tabora, vimegongwa kwa haraka, vingine vimekaa upande. Rupia 15 ya dhahabu, ile yenye tembo, ilitoka zaidi kidogo ya elfu 16 tu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji. Haya, mtu anayetembea na ditekta Ng'ambo atakanyaga nini kwanza, milioni ya shaba au elfu 16 za dhahabu? Kuruka milio ya sarafu ndogo Tabora ni kuruka historia yenyewe ya Tabora.

Hata kwa tamaa yake haikuwa na maana. Rupia 15 ina kipenyo cha milimita 22 hivi. Ni kitu kidogo, kinaweza kukupa namba ile ile inayokupa kishikio cha kopo. Ukiamua kwa kutazama namba tu kipi uchimbe na kipi uache, hiyo dhahabu unayoiota utaipita juu kwa juu.

Nilipomkazia sana akachimba mmoja, chini ya mwembe wa nyuma. Alichimba huku anaguna. Ikatoka senti kumi yenye tundu. Kabla sijaishika akaisugua kwa mchanga na kidole gumba ili asome namba, jambo ambalo hata mtoto anayepewa kazi ya kuosha vyombo angeulizwa kwanza kama anaruhusiwa. Kisha akanirushia. Alinirushia, hakunipa mkononi. "Haya, senti yako hiyo, kanunue gari." Msaidizi wake akacheka.

Ile senti ni ya mwaka 1936. Ina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyetawala chini ya mwaka mmoja akaachia kiti Desemba hiyo hiyo. Kwao hawakuwahi hata kuzitoa rasmi sarafu zake zitumike. Huku Afrika Mashariki senti za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zina jina tu, kwa hiyo ziligongwa na watu wakanunulia chumvi. Sokoni si ghali, zipo nyingi. Lakini mimi niliishika nikatetemeka. Mfalme aliyeondoka watu hawajamzoea, jina lake limekaa kwenye kichanga cha kiwanja chetu muda wote huu, na yule kijana alikuwa ameshapita pale mara ya kwanza akasema twende.

Baba mkubwa akamwita taratibu. "Kijana, huyu ndiye mwenye kazi. Chimba anapokuambia." Mtu mzima kabisa, hajapandisha sauti. Jibu alilopewa: "Mzee, wewe kaa kivulini, haya mambo ni ya kitaalamu." Kwenye kiwanja chake mwenyewe! Mbele yangu! Nilinyamaza kwa sababu ya heshima ya mzee tu, si kwa sababu nyingine. Hata salamu za asubuhi, nikikumbuka vizuri, yule kijana alimpa mzee kwa kichwa, mikono mfukoni.

Halafu ndipo akafanya lile ambalo sijamsamehe. Alikuta vijiti vyangu vimemzuia kupitisha koili karibu na ukuta. Hakuuliza. Akapita navyo, akavichomoa kimoja baada ya kingine, vingine akavipiga teke, akasema vinamchanganya. Kazi yangu ya asubuhi nzima. Kila kijiti kilikuwa ni mlio mzima, safi, uliosikika kulia na kushoto. Sasa hivi pale ni kichanga kitupu na siwezi kukuonyesha hata mmoja ulikuwa wapi. Nilimwambia avirudishe. Akasema hakumbuki, na muda unakwenda, na kama nataka kweli kupata kitu tupande gari twende upande wa Kwihara, kule ndiko kwenye mali. Kwihara! Pale kwenye tembe alimokaa Livingstone ni eneo la mambo ya kale, linalindwa kwa sheria ya tangu mwaka 1964, huendi kuchimba bila kibali. Nikamwambia hapo tumefika mwisho. Jioni alidai nusu iliyobaki, yote, nikampa, kwa sababu mzee alisema nimpe aende.

Nikitulia kidogo, naelewa hesabu yao. Theluthi ya senti ya tundu haimnunulii hata vocha. Akili yake yote iko kwenye kitu kimoja kikubwa, na kila dakika anayochimba sarafu yangu anaiona ni dakika aliyoibiwa. Mkataba wa fungu ndio unaomfundisha kuruka. Nikubali pia kwamba huwezi kuchimba kila mlio. Kona ya barabarani kulikuwa na kibanda cha vinywaji zamani, visoda vimejaa pale kama kokoto, ukivichimba vyote jua litakuzamia ukiwa na ndoo ya kutu. Kuchagua ni lazima. Ila kuchagua kwa kusikiliza, jamani. Pitisha koili, geuka, pitisha tena kimsalaba. Mlio ukibaki ule ule na namba isipohama, chimba, iwe ya juu au ya chini. Ukikatika ukipita upande mmoja, ukaruka kutoka juu mpaka kwenye chuma, mara nyingi ni kisoda au msumari uliooza. Hata mia yetu hii ya njano hufanya hivyo, kwa kuwa ndani yake ni chuma, sumaku inaishika. Na mlio mdogo, wa mbali, ulionyooka, chini ya mwembe wa zamani ambako hapajawahi kuwa na kibanda, huo usimruhusu mtu yeyote akuambie twende. Yule kijana haya yote anayaweza. Masikio anayo. Nilimwona akiacha visoda kwa uhakika kabisa, kila alipokataa kisoda nilichimba mwenyewe nikakuta kweli ni kisoda. Ndiyo maana inauma. Angekuwa hajui ningemwonea huruma.

Kwa hiyo nilikuwa niandike msikodi kabisa. Halafu nikaona si haki, mashine ni nzuri na kwa Tabora hawapo wengi wa kuchagua. Basi kodini, lakini kataeni fungu, lipeni siku peke yake, mpatane kabla kwamba mwenye kiwanja ndiye anayesema chimba, na hakuna kugusa alama za mtu wala kusugua sarafu inapotoka. Kwa masharti hayo ningewapa nyota tatu.

Hapana. Nimekumbuka lile teke, nimekumbuka "Mzee, wewe kaa kivulini." Mtu anayemjibu hivyo baba wa watu kwenye kiwanja chake hatabadilishwa na karatasi ya makubaliano. Nyota moja, na hiyo ni ya mashine. Nilipiga simu ofisini kwao kulalamika, mwenye biashara akaniuliza, "Kwani mlipata nini?" Nikamwambia senti kumi ya 1936. Akasema, "Sasa unalalamika nini, si ulipata?"

Kama yupo mtu Tabora, Urambo au Nzega mwenye ditekta yake, anayekubali malipo ya siku bila fungu na yuko tayari kuchimba senti, aniambie bei. Kiwanja kipo, kichanga kikishaloa mvua za mwanzo ndio wakati mzuri, na chakula cha mchana kipo kwa mzee.