Forester Inayokataa Kona: Tathmini ya Gereji Moja ya Nakuru

Mafundi wanaoweza kufungua gia boksi ya Subaru hapa Nakuru ni wengi, lakini wanaokubali kulipima gari kwanza kabla ya kushika spana ni wachache, na gereji ninayoitathmini hapa, iliyoko eneo la viwanda, inastahili sifa kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote. Nililipeleka Subaru Forester la mwaka 2003, la gia otomatiki ya hatua nne, ambalo lilikuwa likigoma kila linapokata kona kali kwa mwendo wa polepole: usukani unakuwa mzito, magurudumu yanarukaruka juu ya lami, na gari zima linasita kana kwamba breki ya mkono haijashushwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, dalili hizo hazikuonekana sana. Likishafika mjini kutoka Njoro, mafuta ya gia yakiwa yamepata moto, kuliegesha kulikuwa kazi ya jasho.

Gereji nyingine, ambayo sitaitaja, ilikuwa imekwisha kubadilisha sivi jointi za mbele (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu yanayogeuka) bila mafanikio, kisha ikapendekeza gia boksi nzima ing'olewe na kuwekwa ya mtumba. Huko hakuna aliyeuliza kama tatizo lilizidi kwa joto, wala aliyeinama kutazama matairi.

Fundi mkuu wa hapa alianza na matairi hayo hayo. Gari linapokata kona, alieleza, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo kati ya pande hizo mbili lazima pawe na kitu kinachoiruhusu tofauti hiyo. Katika Forester la otomatiki la umri huu, kitu chenyewe ni klachi ya pleti nyingi zinazofanya kazi ndani ya mafuta ya gia, mkiani mwa gia boksi, na kompyuta huikaza au kuilegeza kwa kutumia solenoidi, yaani vali inayoendeshwa kwa umeme. Matairi yasiyolingana huilazimisha klachi hiyo kuteleza hata barabara ikiwa imenyooka, nayo huchoka. Alizungusha utepe wa kupimia kwenye kila tairi na kuandika kipimo kwa chaki ubavuni mwake. Wengi wetu hudhani kwamba tofauti ndogo ya meno haina neno, ilhali milimita 1 tu ya kina cha meno hubadilisha mzingo wa tairi kwa zaidi ya milimita 6, na tofauti hiyo hujirudia kila gurudumu linapozunguka, njia nzima hadi Molo. Ya nyuma yalikuwa karibu mapya. Ya mbele yalikuwa yameanza kuwa kipara.

Baada ya kufunga matairi manne yanayolingana, ambayo gereji iliazima kutoka kwa gari lake, kugoma kulipungua lakini hakukuisha. Hapo ndipo kilipokuja kipimo kilichonifurahisha zaidi, kwa kuwa hakihitaji chochote ila fyuzi. Chini ya boneti kuna nafasi iliyoandikwa FWD, ambayo kwa kawaida huwa tupu. Fyuzi ikichomekwa, taa ya FWD huwaka kwenye dashibodi na kompyuta huagizwa kuiachilia klachi, gari likabaki kuvutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Gari likiwa baridi liligeuka kwa wepesi kabisa. Lilipopata moto likagoma tena, fyuzi ikiwa mahali pake. Maana yake ni kwamba amri ya kuachilia ilikuwa ikitolewa, ila pleti hazikuwa zikiachiana. (Fyuzi hiyo ni ya kupimia, au ya kutumia ukiwa umefunga tairi dogo la akiba. Anayeiacha humo daima atajuta kwenye tope la Elburgon.)

Ushauri wao uliniokolea fedha nyingi: mkia wa gia boksi unaweza kufunguliwa bila kuishusha gia boksi yenyewe, mradi egzosi na propela (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) vitolewe kwanza. Waliniita nishuhudie. Kwenye kuta za ngoma ya klachi, pale meno ya pleti yanapokaa, palikuwa na vijishimo vilivyochimbwa na pleti zenyewe; nilipitisha ukucha nao ukakwama katika kila kimoja, kama pleti zilivyokuwa zikikwama. Ngoma na pleti zikabadilishwa, mafuta ya gia yakamwagwa na kujazwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya mafuta yote, na tangu hapo gari hugeuka vizuri hata baada ya safari ndefu.

Uaminifu wao niliuona pia kwa mteja mwingine, mwenye pikapu ya zamani kutoka Mau Narok, aliyelalamika kwamba gari lake hukaza kwenye lami. Walimweleza kwamba pikapu ya aina hiyo haina difu ya katikati, yaani kifaa kinachoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na kwamba akifika kwenye lami anapaswa kurudisha wenzo wa magurudumu manne kwenye magurudumu mawili, na wenzo ukikataa arudi nyuma mita chache. Wakamwacha aende bila kumtoza senti.

Dosari zipo. Ada ya kupima, shilingi 2,000, hulipwa kabla, na risiti yake haielezi kilichopimwa, jambo lisilofaa kwa kazi nzuri kama hii. Spea ziliagizwa kutoka Nairobi na zikachelewa, wala hakuna aliyenipigia simu kunieleza. Ilinibidi niulize mwenyewe. Kivuli cha kungojea hakuna. Wenye Forester la gia ya mkono wafahamu kwamba lao halitumii klachi hii bali kifaa cha viskasi, kinachofanya kazi kwa umajimaji mzito, na kipimo cha fyuzi hakiwahusu, ingawa cha matairi kinawahusu vilevile. Jumamosi foleni huwa ndefu, na fundi mkuu hapimi gari ambalo halijapata moto, hivyo ni afadhali kufika siku ya kazi, moja kwa moja kutoka safarini.