Mazoezi baada ya kiharusi: kliniki au uani?

Mama mkubwa alipooza upande wa kulia. Kutoka Ujiji hadi Hospitali ya Maweni, hapa Kigoma, kumpandisha tu kwenye bajaji ni kazi ya watu wawili. Lakini ni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) aliyeona kosa letu: tulikuwa tukimwinua kwa kumvuta mkono uliolegea, na bega la aliyepooza huteguka kirahisi. Peke yetu tusingejua.

Nyumbani faida ni marudio. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia, na saa moja ya kliniki haitoshi. Kuketi na kusimama mara 10, asubuhi na jioni; kukamua kitambaa; kuchambua dagaa kwa mkono huohuo mgonjwa (analalamika, lakini anachambua). Mimi ningeanza kliniki mapema, miezi 3 ya mwanzo isipotee, kisha kazi ihamie uani.