Rimu za 22 kwenye Vogue: upepo wa 50 na mdomo wa fundi

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ni dereva. Gari si yangu, ni ya mzee, bosi wangu, Range Rover Vogue nyeusi ambayo naiendesha tangu siku ilipotoka bandarini. Ilikuja na rimu za inchi 20, matairi 255/55, ukipita tuta unahisi umepita juu ya godoro. Kijana wa mzee alirudi likizo, akaizunguka mara mbili, akasema gari ya baba imekaa kizee. Wiki hiyo hiyo tukaambiwa twende tukafunge 22. Sina ugomvi na kijana. Kupendeza imependeza, siku hizi walinzi wa hotelini wananifungulia geti kabla sijapiga honi.

Ugomvi wangu ni duka. Lipo Kinondoni, jina silitaji, wenyewe watajijua. Lina sofa, kiyoyozi na kahawa ya bure. Kazi ya kufunga waliifanya vizuri, mashine haikukwaruza rimu hata moja, balansi safi. Nayasema haya mapema kwa sababu nikishaanza sitayakumbuka tena.

Tulipofika kwenye upepo, fundi mkuu akachuchumaa, akasoma ubavuni mwa tairi, akakuta psi 50, kile kipimo cha upepo, akajaza 50. Zote nne, mchana kweupe juani. Nikamwambia kwa adabu kabisa: "Kaka, hiyo 50 si mwisho tu ambao tairi isivuke? Za kujaza zimeandikwa mlangoni kwa dereva, tena mbele na nyuma hazilingani." Hakugeuza hata shingo. "Suka, hiyo karatasi ni ya Ulaya. Gari nzito, rimu kubwa, upepo mwingi." Nikasema kaka, huko Ulaya ndiko wanakokimbia mpaka wanahitaji upepo mwingi, mimi na tochi za trafiki kila kijiji nitakimbilia wapi? Hapo ndipo aliposimama. Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ni dereva au injinia?"

Vijana wote wakaangua kicheko. Hata dada wa kaunta. Kahawa yao niliiacha palepale mezani, na sukari nilikuwa nimeshaweka.

Miaka yote hii niko barabarani sijawahi kupata jibu la kumpa mtu nikiwa bado nimesimama mbele yake. Huwa linakuja usiku. Hili lilikuja baada ya safari nzima, na sehemu yake, inaniuma kusema, linampa yeye haki. Tairi ya zamani, 255/55, ubavu wake una kimo cha milimita 140, yaani asilimia 55 ya upana wa 255. Hii mpya, 275/40, ni milimita 110. Ubavuni pia kuna namba ya uzito: ile ya zamani ilikuwa 110, maana yake kilo 1,060 kwa tairi moja; hii mpya ni 108, kilo 1,000 kamili. Kwa hiyo ukiweka upepo uleule wa zamani, tairi mpya inabeba pungufu. Lazima uongeze. Fundi alikuwa sahihi kwenye kuongeza! Ila unaongeza psi mbili, tatu hivi, juu ya ulichokuwa unaweka. Na hizo kilo 1,000, kwa matairi haya yenye alama ya XL, yaani yaliyoimarishwa kubeba uzito zaidi, zinahesabiwa tairi ikiwa na psi 42. Ukipita hapo huongezi kilo hata moja, unaongeza ugumu tu. Hiyo 50 yake ilikuwa inabeba nini? Ilikuwa inabeba kiburi chake.

Tulitoka Dar alfajiri kwenda Lushoto, mzee na mama nyuma, mizigo imejaa. Kabla ya kuwasha nilipima kwa geji yangu ya mkono, 48, maana usiku ulikuwa umepoza. Nikanyamaza. Kosa la kwanza hilo, ningetoa upepo palepale nyumbani, matairi yakiwa yamelala. Kufika Mkata, mama alikuwa amemwagikiwa na chai mara mbili. Kila kiraka cha lami kilikuwa kinakuja mpaka kwenye meno, na usukani unacheza kana kwamba tairi inagusa barabara kwa mstari mwembamba wa katikati. Mzee, ambaye huwa haongei safarini, akauliza: "Dereva, leo tumepanda Canter?"

Hilo neno la Canter ndilo lililoniponza.

Tuliposimama Mombo, jua la utosi, nikapima: 55. Nikasikia sauti ya yule fundi masikioni, dereva au injinia, dereva au injinia. Nikachuchumaa na geji yangu nikatoa upepo mpaka 36, zote nne, matairi yakiwa ya moto huwezi kuyawekea kiganja. Tukapanda mlima kwenda Lushoto, gari imelainika, mzee kasinzia. Nilijiona injinia kweli.

Asubuhi Lushoto kuna baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Nawasha gari, taa ya njano ya matairi hiyo. Unajua nilisema nini? Nilisema wale wa Kinondoni wameharibu sensa za kupima upepo. Nikapima, 31, nyuma na mbele, na gari bado imejaa watu na mizigo. Nikasema tutajaza chini Mombo. Kabla ya Soni, kona moja hivi, basi dogo linakuja limejaa barabara yote, nikasogea pembeni, tairi ya nyuma kushoto ikapanda ukingo wa kalavati. Mlio wake ulikuwa mfupi, kama mtu kafunga mlango. Niliposhuka, ubavu ulikuwa umetoa nundu ya ukubwa wa embe dodo, na rimu imebonyea mdomoni. Ubavu wa milimita 110 wenye upepo mdogo hauna pa kukimbilia. Unabanwa kati ya jiwe na chuma, nyuzi za ndani zinakatika.

Spea nayo ilibaki ile ya rimu ya 20. Dukani hakuna aliyeikumbuka, nami sikuikumbuka. Kimo chake chote, tairi na rimu pamoja, kinazidi hizi mpya kwa karibu sentimita moja, na gari yenyewe inavuta magurudumu yote manne, yasipolingana yanaiumiza, kwa hiyo tulishuka mwendo wa maharusi mpaka Mombo.

Hapo nilimkuta mzee mmoja, fundi pancha, kibanda chake kiko chini ya mwembe. Shikamoo, marahaba mwanangu. Hakugusa kompresa. Akaiangalia gari, akauliza tuko wangapi, mizigo kiasi gani, tunaenda wapi. Akafungua mlango wangu mwenyewe, akasoma kile kibandiko, midomo inatembea. Halafu akanipa kigoda. "Kaa. Ipoe kwanza. Tairi ya moto inadanganya, ikipoa upepo unashuka." Tulikaa zaidi ya saa tatu, mama akanunua matunda yote ya Mombo. Ndipo akajaza, nyuma zaidi ya mbele, akapima kila moja mara mbili, akafunga vifuniko vya valvu kwa vidole. Alipoishika ile tairi yenye nundu akapitisha kidole kwenye mkwaruzo uliozunguka ubavu mzima, akauliza, "Nani alitoa upepo huu?"

Nikamjibu: "Mafundi wa Dar."

Mzee, bosi wangu, alikuwa amesimama pale pale.

Sasa mnanielewa kwa nini hasira haziishi. Tuliporudi dukani kudai, fundi mkuu akaonyesha ule ule mkwaruzo, akasema tairi imetembea bila upepo wa kutosha, haina garantii. Nikasema ulijaza 50. Akasema, "Na aliyepunguza?" Safari hii hakucheka mtu. Mzee alikuwa kwenye sofa, anakunywa kahawa, hakuinua macho. Alilipa tairi na kunyoosha rimu, na mpaka leo hajanikata wala hajaniuliza.

Kwa hiyo hawa watu niwape ngapi? Nilipoanza kuandika nilikuwa na sifuri mkononi. Kwa ufungaji nawapa nane juu ya kumi. Kwa upepo, tuseme tatu, kwa sababu kujaza kupita kiasi walijaza, lakini nundu si yao. Halafu nikikumbuka kile kitambaa na vile vidole, natamani kurudi kwenye sifuri. Kama angenijibu kama mtu, ningemuuliza ni ngapi hasa, nisingekwenda kujifanya mjuzi kwenye jua la Mombo.

Naweka psi tatu juu ya za zamani sasa, asubuhi, kabla sijawasha. Gari imetulia. Kijana wa mzee amepiga simu jana, anauliza kama kuna 23.