Tour ya siku moja Taveta kutokea Moshi: vita wanaielezea vizuri, Wataveta wenyewe wamesahaulika

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasio na muda wa kusoma: tour ni nzuri, dereva safi, hela yako haipotei, ila hawa jamaa wanauza Taveta, kale kamji ka Kenya hapo mpakani, kama uwanja wa vita na basi, utadhani kabla Mjerumani hajafika pale hapakuwa na watu. Kampuni siitaji maana zipo kadhaa zinafanya njia hii hii na nahisi maelezo yao yametoka daftari moja.

Mnatoka Moshi na Noah, Himo, mnaingia Holili. Mpakani siku hizi hakuna kuhangaika, tangu kituo cha pamoja kifunguliwe 2016 ukitokea Tanzania unamalizia kila kitu upande wa Taveta, muhuri wa kutoka na wa kuingia jengo moja. Sasa hapo foleni ndo gaidi wetu, yaani mwongoza watalii, akaanza ile stori ya malkia Victoria wa Uingereza kumpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima Kilimanjaro zawadi ya birthday, ndo maana mpaka umepinda. Wageni wakacheka, wakapiga picha. Jamani hii stori tuiache, si kweli. Mpaka ulichorwa na makubaliano ya Mwingereza na Mjerumani mwaka 1886, na humo Taveta imetajwa kwa jina, mstari uzunguke ziwa Jipe, uvuke mto Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Uchagga. Yaani kale kamji tunakokaona ka kununulia mitumba kalikuwa kanajulikana hadi Ulaya, na kwa nini kalijulikana hakuna aliyetuambia siku nzima!

Kwenye vita lakini nawapa maua yao. Mjerumani aliichukua Taveta Agosti 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ndo kwanza imeanza, akakaa hapo zaidi ya mwaka na nusu. Wanakupeleka Salaita, kilima kidogo tu njia ya Voi, ukipita na basi huwezi hata kugeuza shingo, lakini tarehe 12 Februari 1916 makaburu kutoka Afrika Kusini walipigwa pale hadi wakakimbia, na waliowaokoa ni kikosi cha Kihindi cha Baluchi ambacho wenyewe walikuwa wanakidharau. Gaidi alisimulia hii kwa mikono na miguu, unaona kabisa anaipenda. Mwezi uliofuata ndo ikaja Latema na Reata, vile vilima viwili unaviona ukiwa mjini ukiangalia upande wa Tanzania, wakapigana usiku kucha na Wajerumani wakarudi nyuma. Makaburi ya wanajeshi yapo Taveta penyewe, majani yamekatwa, mawe yamenyooka. Nikauliza wapagazi je, maana vita ile ya Afrika Mashariki iliua wapagazi Waafrika kwa makumi ya maelfu, njaa na magonjwa, jibu likawa hilo halipo kwenye programu. Haya.

Ngome ya Grogan, yule mlowezi wa Kiingereza, ndo iliniudhi kidogo. Nyumba yenyewe inavutia, ipo juu ya kilima na mashamba yote ya mkonge unayaona chini, ila tunaambiwa tu jamaa alitembea kutoka Cape hadi Cairo kwa ajili ya mapenzi. Sawa, alitembea, lakini ndo huyo huyo aliyewachapa Wakikuyu viboko hadharani mbele ya mahakama Nairobi mwaka 1907, na muulize mtu yeyote wa Taveta habari ya ardhi uone anavyobadilika sura. Hiyo nayo ni historia.

Sasa kile ambacho hakikuuzwa. Wataveta walikaa ndani ya msitu wa mto Lumi, njia za kuingilia nyembamba zenye mageti ya magogo, Mmasai na mifugo yake na mikuki yake hapiti, na misafara ya Waswahili kutoka pwani ikitoka nyikani na kiu ilipumzika humo na kununua chakula. Mtu alikimbia njaa huko kwao, Mpare, Mchaga, Mkamba, akaja akapokelewa, ndo maana Kitaveta ukikisikiliza na wewe ni Mpare unashika maneno mengi tu. Hawakuwa na mfalme, mambo yaliamuliwa na wazee na marika. Miaka ya 1890 wamisionari wa Kiingereza walikuwa na kituo Mahoo na wakachapa gazeti pale pale, gazeti! Taveta! Mahoo tulipita bila hata kupunguza mwendo.

Reli pia tuliionyeshwa dirishani tu, ile waliyoijenga Waingereza kutoka Voi wakati wa vita ikaja kuunganishwa na ya kwetu pale Kahe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mpaka ukafungwa hadi 1983, muulize mzee yeyote wa Himo ana stori za njia za panya hizo utalala huko huko.

Chakula cha mchana hakimo kwenye bei na hawasemi mapema, hilo ni kosa. Ila mama mmoja karibu na soko alitupa ndizi nyama mchuzi mzito, kwa hiyo nimesamehe. Ziwa Chala jioni ni zuri mno, maji ya kijani na kuta za mwamba pande zote, mpaka umepita katikati yake, msiogelee tu, mamba alimuua msichana wa Kiingereza 2002.

Mkienda chagueni Jumatano au Jumamosi soko likiwa limejaa, bebeni pasipoti, badilisheni hela kidogo ya Kenya, na kabla hamjalipa mwambieni gaidi kabisa mnataka Mahoo na msitu wa Lumi, akisema haijui njia mwambieni apakie mzee mmoja wa pale sokoni na muongeze nauli yake.